Vidole vya Serikali, Vidole vya Chokaa

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Jikoni mlikuwa na giza, na sauti ilikuwa hiyo moja tu: jiwe la kusugulia visigino likipita juu ya ncha za vidole. Tekle hakuwasha taa. Ukuta kati ya jiko na chumba ulikuwa mwembamba, na mwanawe alikuwa bado amelala, au ndivyo alivyodhani.

"Mama, unakwangua nini?"

"Najisafisha, mama'ngu. Lala kidogo."

"Unakwangua kama panya."

"Panya gani anayetumia siki?"

Nutsa alicheka ndani ya blanketi. Tekle akavichovya vidole tena katika bakuli la siki, akaendelea. Mtu yeyote anayefanya kazi ya chokaa pale Ravenna, Italia, anajua dawa hiyo: siki huua ukali wa chokaa, na jiwe huondoa magamba yake. Wiki nzima alikuwa akipachika vijiwe vya kioo kwenye chokaa mbichi, na weupe ulikuwa umemwingia katika kila mfuo wa ngozi kama unga usiokubali maji. Asubuhi hiyo alikuwa anakwenda ofisi ya wageni kutoa alama za vidole. Mama yake kule Kutaisi, Georgia, alimlea kwa neno moja: usisimame mbele ya serikali na mikono michafu. Basi akasugua, akasugua, mpaka vidole vikang'aa kama mgongo wa kijiko.

Mwaka wa kwanza ulikuwa unakwisha tangu waje, yeye na mtoto, ili ajifunze nakshi: kupanga vijiwe vya rangi ukutani, kimoja kimoja, mpaka viwe anga au kondoo au uso wa mtakatifu. Baba yake Nutsa alikuwa baharia. Alikuwa akiwapigia simu kutoka bandari ambazo Nutsa alizitafuta kwenye ramani kwa kidole. Tekle mwenyewe alimaliza shule kwa masomo ya jioni, mchana akiuza mkate wa jibini, na siku chuo cha Ravenna kilipomkubali alikaa chini kwenye ngazi za posta, akashindwa kusimama.

Ndiyo maana alizijua kanuni za kibali chake cha mwanafunzi kama wengine wanavyoijua sala. Ukihama nyumba, toa taarifa. Kibali kikikaribia kuisha, omba mapema. Fanya kazi, lakini usizidishe saa ulizopewa. Na kubwa kuliko zote: faulu mtihani, la sivyo hakuna kuongezewa. Pale kibandani alipokuwa akikaanga mikate bapa siku za mapumziko, mwenye kibanda alikuwa hachoki kumjaribu: "Baki kidogo, Tekle, watu wamejaa. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alijibu, akavua aproni.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tekle aliiona kamba yake, akajifunza kutembea nayo bila kujikwaa. Lakini si hofu tu iliyomfanya awe hivyo. Kila alipokishika kibali chake, kikadi cha plastiki kinachoingia kiganjani, alipigwa na mshangao uleule wa siku ya kwanza. Dola nzima, yenye majeshi na mabunge na mambo yake makubwa, ilikuwa imekaa ikaandika kwamba Tekle wa Kutaisi aruhusiwe kusoma. Aruhusiwe! Yeye aliyekuwa akijifunza hesabu jioni huku mikono inanuka jibini.

Walitoka kungali na ukungu. Nutsa alikaa nyuma ya baiskeli, amefungwa skafu mpaka puani. Mwaka uliopita hakuhitajika kutoa vidole, alikuwa mdogo. Sasa alikuwa ametimiza miaka sita, na kanuni ilimtaka naye. Njia nzima alikuwa amevua glavu ili vidole vyake "vizoee".

Afisa wa dirisha lao aliitwa Mancuso, mama wa makamo kutoka kusini, mwenye miwani ya mnyororo na sauti ya kuita wateja sokoni.

"Nani anaanza? Wewe, mkubwa?" alimwuliza Nutsa. "Panda kwenye kiti. Kidole cha shahada, hapa kwenye kioo. Usikandamize, si kengele hiyo."

Nutsa akaweka kidole. Mashine ikatoa mlio mdogo, wa furaha, na kwenye skrini kukatokea mistari: duara ndani ya duara, ikipinda na kupishana kama maji yanayozunguka kisiwa. Mtoto akaacha mdomo wazi.

"Hii nini?"

"Hii ni wewe," akasema Afisa Mancuso.

"Mimi?"

"Wewe na wewe peke yako. Tafuta Italia nzima, nenda kwenu, nenda mpaka China, hutampata mwingine mwenye hii."

Nutsa alikitazama kidole chake, akaitazama skrini, akakitazama tena kidole. Tekle naye aliinama karibu na skrini. Alikuwa ameviosha vidole vile tangu siku vilipozaliwa, amevikata kucha, amevibusu, na hakuwahi kujua vimebeba kitu kikubwa namna ile.

"Haya, mama mtu."

Tekle akaweka kidole chake cheupe, safi. Mashine ikatoa mlio mzito. Akarudia. Mlio uleule. Afisa akafuta kioo kwa kitambaa, akajaribu mkono wa kushoto, kisha dole gumba, kisha cha kati, cha pete, mpaka vikaisha vyote kumi. Skrini ilibaki nyeupe kama ukungu wa nje.

"Ajabu," akasema Mancuso. "Mashine inasema hakuna mtu."

"Nipo hapa," Tekle alisema, bila kufikiri.

"Nakuona, dada. Yenyewe ndiyo haikuoni. Lete nitazame." Akaivuta mikono yake chini ya taa, akavaa miwani, akaivua. "Umevifanya nini hivi vidole?"

"Nimeviosha. Kwa siki. Na... na jiwe."

"Jiwe!"

"Nafanya kazi ya chokaa. Nilitaka nije msafi."

Mancuso akamgeukia mwenzake wa dirisha la pili. "Umesikia? Watu wanakuja hapa wamejipaka manukato. Huyu kaja amejifuta!" Kisha akaona uso wa Tekle, akashusha sauti. "Sikiliza. Ngozi huota, nami nahitaji kidole kimoja tu kila mkono. Nitakupa siku nyingine, wiki tatu mbele. Lakini mashine ikikataa tena, mimi nimefika mwisho. Faili litapanda kwa wakubwa, na mafaili yanayopanda huko sijaona yakishuka upesi. Mwaka wako wa masomo utaanza bila wewe. Kwa hiyo usishike kazi ya mikono."

"Mimi ni mwanafunzi wa nakshi."

"Basi usishike nakshi."

"Mtihani wangu ni wa nakshi. Uko ndani ya wiki hizo hizo."

Afisa akaigeuza kalenda yake. "Na bila mtihani..."

"Najua. Bila mtihani huniongezei."

"Si mimi, dada. Kanuni."

"Najua," alisema Tekle. Na kweli alijua. Angeweza kumsomea kifungu chenyewe.

Walipokuwa wakirudi, walivuka reli. Kisha sauti ikatoka nyuma ya skafu: "Mama, kwa nini mashine imesema hupo?"

"Imekosea tu."

"Lakini mimi ilinijua."

Tekle akakanyaga baiskeli kwa nguvu zaidi.

Mwenye nyumba wao, Bibi Derna, mjane aliyekuwa akiishi chini na paka wawili wanene, aliwasubiri na mchuzi wa vipande vya tambi vilivyofungwa nyama ndani. Aliposikia kisa, aliweka kijiko chini akacheka mpaka akashika ubavu.

"Umejifuta! Jamani! Marehemu mume wangu alikuwa na madeni mji mzima, akatamani sana kujifuta, akashindwa. Wewe umeweza kwa siki!"

"Bibi Derna, si jambo la kucheka."

"Najua, mwanangu, najua. Kula kwanza. Sasa tufanyeje? Tumia mikono yangu! Mpeleke bibi kwenye mashine, nitasema mimi ndiye Tekle, nimezeeka kwa mawazo."

Nutsa akacheka hadi mchuzi ukamwagika, na Tekle akajikuta anacheka pia, huku machozi yanamtoka. Baada ya chakula bibi alileta chupa ya mafuta ya lozi na glavu za pamba alizovaa siku ya harusi yake. "Paka kila usiku, vaa hizi. Usiniulize kama inasaidia. Hata kama haisaidii, utanukia vizuri."

Kesho yake asubuhi Tekle alimfuata Mwalimu Learco kabla darasa halijajaa. Learco alikuwa mzee mkavu, mwenye vumbi la kioo katika nyusi, na kanuni yake moja ilijulikana mpaka nje ya chuo: darasani kwake hakuna glavu. Kidole hubonyeza, chokaa hujibu. Ukiweka mpira katikati, mnakuwa kama watu wawili wanaozungumza kupitia ukuta. Mwanafunzi aliyewahi kuvaa glavu kwa siri alitolewa nje pamoja na ndoo yake.

Learco akamsikiliza Tekle mpaka mwisho, akiwa anapasua kioo cha buluu kwa nyundo yake ndogo. Tek. Tek.

"Kwa hiyo serikali inataka vidole vyako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na chokaa inataka vidole vyako."

"Ndiyo."

"Unavyo vingapi?"

Tekle alidhani anataniwa. "Kumi."

"Basi wagawie." Tek. "Kila mmoja apate chake. Mtihani ni uleule: nyota moja kwenye anga la usiku, chokaa mbichi, bila glavu. Sikusema lazima utumie vyote."

Akarudi kwenye kioo chake. Tekle alisimama pale, akivitazama vidole vyake kama mama anayegawa mkate mezani. Kisha akaenda kwenye kabati la huduma ya kwanza, akavifunga plasta vidole viwili vya shahada, cha kulia na cha kushoto. Hivyo vilikuwa vya serikali. Vinane vilivyobaki vilikuwa vya chokaa.

Lahaula! Hakuwa amejua kwamba maisha yake yote yalikuwa yakipita kwenye vidole vile viwili. Vijiwe vilimponyoka. Kidole cha kati kilibonyeza sana, kama mlevi anayebisha hodi. Cha pete kilibonyeza kidogo mno. Na vidole vya shahada, kwa kuwa havikuwa na kazi, vilisimama juu mchana kutwa.

"Tekle, unamwonya nani?" walimtania wenzake. "Tumekosa nini leo?"

"Anaagiza bia mbili!"

Alicheka nao, akabandua vijiwe, akaanza upya. Usiku alijipaka mafuta ya lozi, akavaa glavu za harusi ya Bibi Derna, na Nutsa akawa anamkagua kwa tochi kabla ya kulala. "Bado, mama. Leo kuna kamstari kamoja. Kadogo sana."

Ilikuwa katika siku hizo, alasiri moja, ndipo Mwalimu Learco aliingia darasani amebeba sinia la mbao lililofunikwa kitambaa chenye maji. Nutsa alikuwa ametoka shule, amekaa kwenye kona yake ya kawaida na penseli za rangi. Akafunga mapazia. Akaweka sinia mezani, akaondoa kitambaa kwa namna ambayo mtu humfunua mtoto aliyelala.

Kilikuwa kipande cha chokaa, ukubwa wa sahani. Mafundi wa kanisa moja la kale pale mjini walikuwa wakitengeneza ukuta uliovimba kwa maji. Walivitoa vijiwe vyake kwa muda, na chini yake wakakuta hiki. Learco akawasha taa ndogo, akaishusha mpaka ikamulika kutoka ubavuni.

"Sogeeni. Msipumulie."

Mwanzoni Tekle aliona vishimo tu, vile vya vijiwe vilivyokuwa vimelala pale. Kisha, kati ya vishimo viwili, mwanga ukashika kitu. Mstari. Mstari mwingine. Duara ndani ya duara.

Mtu fulani alikuwa amebonyeza dole gumba lake pale, chokaa ikiwa mbichi kama siagi, huenda akijaribu kama imeanza kushika, kisha akalifunika kwa dhahabu na buluu akaenda kula chakula chake cha mchana. Miaka elfu moja na mia tano ikapita juu yake. Wafalme wakaja wakazikwa, bahari yenyewe ikarudi nyuma ikauacha mji nchi kavu, na kidole kikabaki.

Tekle aliinama karibu zaidi. Chokaa! Chokaa ileile iliyomla ngozi, iliyomfuta mbele ya serikali, ilikuwa imemtunza mtu huyu mstari kwa mstari. Ilimnyang'anya mkononi ikamwekea ukutani. Alitaka kupiga magoti na hakujua ni kwa nani.

Nutsa alikuwa amejipenyeza mpaka mezani. Kidevu chake kilifika kwenye ukingo wa sinia.

"Jina lake nani?"

"Hakuna anayejua, binti," akasema Learco.

"Alitoka wapi?"

"Hilo nalo watu wanabishana. Wengine wanasema ng'ambo ya bahari. Wengine wanasema hapahapa."

"Alikuwa na kibali?"

Darasa likaangua kicheko. Learco peke yake hakucheka. Alijikuna sikio kwa kidole kilichopasuka-pasuka.

"Sijui. Walimwacha afanye kazi, hilo ndilo ninaloweza kukuambia."

"Sasa," Nutsa aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba swali hilo kwa siku nyingi, "yupo au hayupo?"

Mzee akamsogezea taa. "Umeniweza," alisema. "Angalia mwenyewe."

Nutsa akaangalia kwa muda mrefu sana.

Siku ya mtihani ilikuwa na jua la baridi. Tekle alitandaza chokaa yake, akaanza kuzungusha buluu, giza kuliko giza, kisha akaingiza miale ya dhahabu ya nyota yake. Kidole cha kati kilikuwa kimekwisha kujifunza. Hakikubonyeza kama cha shahada, hata siku moja hakingeweza. Vijiwe vililala kwa mwinamo wa pekee, hiki kikitazama juu kidogo, kile pembeni, kama watu kwenye kikao wasiokubaliana. Aliona hivyo, akaona hakuna la kufanya, akaendelea.

Kikabaki kijiwe kimoja. Moyo wa nyota: dhahabu, mdogo kuliko ukucha wa Nutsa. Chokaa ilikuwa inaanza kushika. Alikiweka kwa kidole cha kati, kikazama upande. Akakitoa. Akakiweka kwa cha pete, kikaruka. Akakitoa tena. Kila alipokitoa tundu lilipanuka, na chokaa ilizidi kuwa ngumu. Akavuta pumzi. Mahali pale palikuwa padogo mno. Palitaka kidole kimoja tu katika vyote, na kidole hicho kilikuwa cha serikali.

Akamtazama Mwalimu Learco. Mzee alikuwa akitazama dirishani.

Nyota isiyo na moyo si nyota. Na bila mtihani hakuna kibali, lakini si hilo lililomsukuma. Angesema uongo kama angedai ni hilo. Alikumbuka dole gumba chini ya taa. Akabandua plasta ya kushoto kwa meno, akasafisha tundu, akalisawazisha kwa ncha tupu ya kidole. Chokaa ikamjibu, baridi, laini, kama mtu anayemfahamu. Akaweka dhahabu juu yake, akabonyeza. Mara moja. Kikakaa.

Wakati huohuo jua likageuka kwenye dirisha likaangukia ubao. Vijiwe vyote vile visivyokubaliana vikawaka, kila kimoja kwa wakati wake, hiki, kile, hiki tena, mpaka nyota ikawa inapumua. Wenzake waliacha kazi. Mmoja alisema polepole, "Mama yangu wee."

Learco alikuja akainama juu ya ubao. "Nani kakufundisha kuinamisha hivi?"

"Serikali, Mwalimu."

Nyusi zake zenye vumbi la kioo zikapanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kumsikia akicheka. Akampitisha.

Lakini kidole cha kushoto kilimwasha usiku kucha ndani ya glavu ya harusi, na asubuhi ya miadi ncha yake ilikuwa nyekundu, imechubuka katikati. Tekle hakukisugua. Hakukigusa hata kwa sabuni. Alikibeba mpaka ofisini kama mtu aliyebeba yai.

"Haa, mama wa jiwe!" Afisa Mancuso alipaza sauti. "Cheti cha mtihani unacho? Safi. Hongera. Sasa tuone kama umeota."

Kidole cha kulia. Tekle alifumba macho. Mlio mdogo, wa furaha. Alipofumbua, mistari yake ilikuwa pale, myembamba, mipya, na alishangaa jinsi inavyofanana na ya Nutsa kwa mbali, kama ndugu wawili wanavyofanana kwa mwendo.

"Kimoja hicho. Lete cha kushoto."

Mlio mzito.

"Tena."

Mlio mzito.

Mancuso alitazama kidole. "Dada. Si nilikwambia?"

"Uliniambia."

"Vingine vya mkono huu?" Akaviangalia. Vilikuwa vimeliwa na chokaa vyote, laini kama mshumaa. Akapumua. "Kidole kilekile kikikataliwa mara ya tatu, mashine inafunga. Sikutishi, ndivyo ilivyo. Ikifunga, nalipandisha faili."

Tekle alihisi kila kitu kinakusanyika kwenye ncha ile moja: ngazi za posta, mikate ya jibini, anga la buluu ambalo alikuwa amejifunza nyota yake moja tu na bado zilibaki mamia. Hakujuta. Aliogopa, lakini hakujuta, na jambo hilo lenyewe lilimshangaza.

"Nipe, mama," alisema Nutsa.

"Nini?"

"Kidole."

Mtoto alipanda kwenye kiti, akakishika kidole cha mama yake kwa mikono yote miwili, akakisogeza mdomoni, akakipulizia pumzi ya joto kutoka tumboni, haaa, kama anavyofanya kwenye kioo cha dirisha asubuhi za baridi kabla ya kuchora. Akafanya tena.

"Sasa weka, mama. Polepole. Si kengele hiyo."

Tekle akaweka.

Mashine haikulia. Skrini ilikuwa nyeupe. Kisha, chini kabisa, mstari ukatokea, hafifu kama ufa kwenye barafu. Ukafuatwa na mwingine. Mistari ikapanda taratibu, ikipinda, ikipishana, duara likitafuta duara lenzake, na katikati pakabaki kidoa kitupu, kidogo, cha mraba, saizi ya kijiwe cha dhahabu. Mistari ikakizunguka kile kidoa, ikafunga. Mlio mdogo ukasikika, na taa ya kijani ikawaka.

Afisa Mancuso alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa chafu. Foleni nzima ilikuwa imechungulia.

Nutsa alisimama juu ya kiti, akainyooshea skrini kidole, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Mama yupo."